Nekesa Mbele ya Kamati

Jumatano

Bado nimeudhika na yule mheshimiwa aliyechezea simu Nekesa akiongea.

Tulienda mjini leo, mimi na yeye, kutoa maoni mbele ya kamati ya bunge kuhusu mswada wa afya ya mama na mtoto. Nekesa ni jirani yangu hapa Kabiria. Mwaka jana alijifungulia nje ya kliniki yetu, geti likiwa limefungwa tangu jioni, na mtoto hakuishi. Zamu yetu ya kuongea ilipofika, nilidhani atanisukumia maikrofoni. Akaishika mwenyewe.

"Sasa mama, unataka hiyo sheria iseme nini?" mwenyekiti akamuuliza.

"Iseme kliniki isifungwe usiku. Mimi uchungu haukuningoja hadi asubuhi."

Mwenyekiti akaahidi kwamba jambo hilo litaingizwa kwenye mswada. Sijui kama litapita. Hilo linanisumbua, maana ahadi kama hizo tumezizoea.

Lakini tulipokuwa tukingoja gari la kurudi, Nekesa aliniambia, "Dada Mwende, yule mtoto nilikuwa nimempa jina la mama yangu. Nasimiyu."

Mwaka mzima hakuwahi kulitaja. Nilimshika mkono, nikalirudia jina hilo kwa sauti, naye akatabasamu.