Mkopo Wangu na Jando la Nkowe

Jumatatu, 8 Septemba 2025

Nimeitwa ofisi ya kodi, hapa Nachingwea. Mimi Adinani, niliyefika Beira na Lusaka nikarudi na meno yote, leo nimetoka jasho mbele ya binti wa miwani. Anaitwa Letisia. Ana adabu sana — hiyo ndiyo inanitisha. Kauliza: mwezi wa sita umechukua pesa kwenye kampuni, za nini? Nikasema mkopo. Mwenye hisa hakopi kwenye kampuni yake?

“Anakopa, kaka. Mkataba uko wapi? Unarudisha lini?”

Nikacheka. Nikacheka peke yangu.

Jumanne, 9 Septemba

Ashraf, mhasibu wetu, kanieleza polepole, maana mimi ni wa darasa la saba. Kampuni ina faida haijagawanywa. Mwenye hisa kachota bila mkataba, bila marejesho — wanaihesabu gawio, yaani mgao wa faida. Na gawio lina kodi, kampuni ilitakiwa iikate kabla ya kunipa. Sasa kampuni si mimi? Ningejikataje?

Kuna na adhabu juu yake. Akaunti ikishikwa, lori letu la Fuso halina mafuta, na korosho ndiyo hizo zinaanza. Nusu ya Fuso ni ng’ombe wa Minza. Kaja nao Ruangwa kutoka Usukumani, kauza kundi, kaingia ubia na mimi.

Sijamwambia.

Alhamisi, 11 Septemba

Nimeharibu.

Nilirudi kwa Letisia kumlainisha. Nikamwonyesha video ya jando la kijijini Nkowe, aone pesa ilikokwenda: watoto ambao baba zao hawakuwa na kitu, nimewavisha kanzu mpya, nimelisha kijiji kizima. Hilo silijutii, hata wanifunge.

Kaangalia mpaka mwisho. Katabasamu. Halafu: “Rudisha nyuma kidogo, kaka. Hapo uliposhika maiki.”

Kwetu mtoto wa jando hatunzwi zawadi kwa pesa ya kukopa — wanasema atakua na madeni. Kwa hiyo anayetunza anasimama, anataja pesa yake imetoka wapi. Nami nilisimama, kifua mbele: “Hii si ya kukopa! Ni faida ya kampuni yangu, nimeivuna mwenyewe!”

Wanawake wakapiga vigelegele. Letisia akaandika.

Kanipa mpaka Jumatatu nilete maelezo.

Jumamosi, 13 Septemba

Ashraf kaja na dawa yake: mkataba wa mkopo, tarehe ya mwezi wa sita. Nimemwambia Ashraf kwamba yule binti video kaiona. Kasema maneno ya kwenye ngoma si ushahidi, kinachotakiwa ni sahihi ya mkurugenzi wa pili, yaani Minza.

Minza kafika kwa bodaboda mchana. Nikamweleza yote. Nikatia na utani kidogo, haukushika. Kasoma karatasi mara mbili.

“Kaka Adinani, mimi Nkowe nilikuwepo. Nilipiga vigelegele. Nilijua hiyo ‘faida’ ni majigambo tu, unatoa mfukoni mwako.”

Kaiweka karatasi mezani.

“Nikisaini, nimedanganya serikali. Nisiposaini, basi lile ni gawio. Sivyo, Ashraf?”

Ashraf kasema ndivyo.

“Na hisa zetu ni nusu kwa nusu. Sasa gawio langu mimi liko wapi?”

Ashraf kainamia simu yake. Mimi nimejifanya naandika hesabu, ndiyo haya ninayoandika. Minza kavuta kiti, kakaa mbele yangu. Kasema hana haraka, bodaboda kashairudisha.