Halima kwenye Sehemu ya D

Moroni, Jumanne, Machi 1989

Joto la leo linabana kifua. Mvua imejaa juu ya mlima Karthala na haitaki kushuka. Nami bado ni bibi harusi, shajara yangu. Anli akikohoa tu, moyo wangu unacheka.

Wiki iliyopita diski ya kompyuta ilikufa, kule dukani, mtaa wa Badjanani, ninakopiga chapa. Tajiri alimwita fundi gani kama si mume wangu! Jana Anli akafunga diski nyingine, akanikonyeza mbele ya wateja. Nilitaka kuyeyuka.

Asubuhi nimeiwasha nikitarajia diski yote iwe sehemu moja tu, C. Nikakuta D na E, sehemu ambazo hakuna aliyeziomba. E ni tupu. D nayo haina faili hata moja, ila mashine ilipoifungua iliandika jina ililopewa sehemu hiyo: HALIMA.

Mimi siitwi Halima.

Siku nzima jina hilo limekaa nami kama mtu aliyeingia bila hodi. Nilimpa nywele ndefu. Nilimchukia.

Alasiri Anli alikuja kunichukua.

"Bibi harusi, mbona umenuna? Kumbe nimechelewa kukukumbatia!"

Nikamwonyesha kioo cha kompyuta. Alisoma, na kicheko kikamkatikia mdomoni.

"Huyu ni dada yangu."

Kwao Hombo, mtaa wa Mutsamudu kwenye kisiwa chao, husema dada mtu yuko Ufaransa. Hayuko. Alikuwa karani katika kambi ya mamluki, hao Wazungu waliokuja mwaka 1978 wakabaki kama wenye nchi. Siku moja alikwenda kazini, hakurudi. Kambini walisema ameacha kazi mwenyewe. Mama yake aliporudi kuuliza tena, waliomfungulia lango walimshauri asirudi.

Na diski hii Anli aliichomoa kwenye mashine mbovu iliyotupwa na kambi hiyohiyo. Aliijaribu C tu. Hakujua kuwa dada yake aliacha jina lake kwenye D.

Kesho Mzungu wa kambini anakuja kuniandikisha barua za kuagiza vitu vyao. Hupenda kusimama nyuma ya kiti changu, akisoma kila ninachoandika. Akiliona jina hilo atauliza diski imetoka wapi, na nani aliyeileta.

"Ifute," Anli aliniambia. "Wewe. Mkono wangu hauwezi."

Niliandika amri ya kufuta. Mashine ikauliza kwa Kifaransa: O au N, ndiyo au hapana? Anli alikuwa ameugeukia ukuta. Sijawahi kumpenda kama nilivyompenda dakika ile.

Nikabonyeza N.

Tumeing'oa diski. Sasa iko kabatini, ndani ya shiromani, nguo niliyofunikwa siku ya harusi. Tajiri nitamwambia nayo imekufa. Anli amelala, mkono wake juu ya mlango wa kabati.

Nimemrudishia mume wangu dada yake, au nimewaonyesha wale watu njia ya kuja nyumbani kwangu?