Shahidi wa Pili wa Ndoa ya Khairiya

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Mwatima Mfaume. Umri: miaka 52. Kazi: mpishi wa shughuli na mkulima wa mihogo. Dini: Mwislamu. Makazi: Baleni, Mafia. Tarehe: 22/10/2024, saa 3:40 asubuhi.

Mimi ni mtajwa hapo juu. Nimeonywa niseme kweli, na ninasema kwa hiari yangu kuhusu mdogo wangu Kombo Mfaume, miaka 38, dereva wa bodaboda, ambaye hajaonekana tangu jana.

Mnamo tarehe 16/10/2024, Jumatano, majira ya saa nne asubuhi, Kombo alinikuta nakuna nazi. Aliniamkia, nikamjibu marahaba. Akasema, "Dada, Jumamosi usiende kwa Fikiri. Tajiri kasema pasiwe na mtu." Tajiri ni Taufiki, mnunuzi wa jongoo bahari wa magendo. Hilo kila mtu Baleni analijua na hakuna anayelisema. Fikiri ni jirani yangu. Mwezi wa nane aliwataja wapiga mbizi wa Taufiki kwa serikali, magunia kumi na moja yakakamatwa. Jumamosi hiyo alikuwa anamwozesha binti yake, Khairiya.

Nilimuuliza Kombo, "Umekuwa mpiga mbiu wake tangu lini?" Pikipiki anayoendesha ni ya Taufiki. Paa la msikiti wetu kaliezeka Taufiki. Mama yetu alipougua, boti iliyompeleka Dar es Salaam ilikuwa ya Taufiki, na mimi mwenyewe nilimwombea Taufiki dua. Siwezi kusema mbele ya afande kwamba sijawahi kula chake. Lakini nilikwishampa Fikiri neno langu, na mchele wake ulikuwa umeshafika kwangu.

Tarehe 19/10/2024 nilifika kwa Fikiri saa kumi na mbili asubuhi. Nilipika pilau ya watu mia mbili peke yangu, maana wasaidizi wangu wote watatu waliamka na homa siku moja. Ilipofika saa kumi alasiri, wakati wa kufunga ndoa, mikeka ilikuwa mitupu. Sheikh naye alituma salamu kwamba mguu unamsumbua. Waliofika ni bwana harusi Mudrik kutoka Bweni, mjomba wake Azizi, na Costantine, mwalimu wa shule ya msingi, mtu wa bara.

Fikiri alisema atamwozesha bintiye mwenyewe, na hilo linaruhusiwa. Lakini ndoa yetu inataka mashahidi wawili, wanaume Waislamu, na aliyekuwepo ni Azizi tu. Mwalimu Costantine akasema, "Mzee, niandikeni mimi." Fikiri alimshukuru, akamweleza kwamba Mkristo hafai kwa hilo. Mimi nami ni mwanamke. Tukakaa. Khairiya alikuwa chumbani na hina yake, tunamsikia analia. Niliona uchungu, kisha nikaona hasira.

Kombo alikuwa amekaa juu ya pikipiki nje ya ua, akiangalia nani anaingia. Nilimfuata na mwiko mkononi. Nikamwambia, "Shahidi kapungua mmoja. Ingia."

Akasema, "Dada, unajua unaloniambia?"

Nikamwambia najua. Kombo akashuka kwenye pikipiki. Kisha akavua helmeti, akanawa miguu, akaingia. Ndoa ilifungwa saa kumi na moja kasoro dakika kumi. Kombo alikula sahani mbili.

Jana, tarehe 21/10/2024, saa mbili asubuhi, alipita kwangu akasema Taufiki amemwita Kilindoni arudishe pikipiki. Nilimwambia asiende. Akasema asipokwenda, watakuja kwangu. Saa nane mchana pikipiki ilikutwa imechomwa kwenye minazi, njia ya kwenda Kilindoni. Helmeti ilikuwa pembeni, nzima. Simu yake haipatikani.

Nimeulizwa kama kuna mtu ninayemhofia. Ninamhofia Taufiki. Nimeulizwa nani alimshawishi Kombo aingie. Ni mimi, na naomba iandikwe hivyo hivyo.

Hayo ndiyo niliyoyaona na niliyoyafanya. Sina la kupunguza.

Saini: Mwatima Mfaume

Mimi, Sajenti Benedicta, nimeandika maelezo haya na kumsomea shahidi, naye amekubali kuwa ni sahihi. Majirani tisa waliitwa leo kutoka Baleni. Hadi saa 6:00 mchana wamefika wawili: shahidi huyu na Mwalimu Costantine.