Roboti ya Mwisho ya Mahir

Thika, Machi 12, 1996

Kwa shemeji Irshad,

Assalamu alaykum. Natumaini hapo Ruiru mko salama na kazi ya gereji inaendelea. Huku tuko wazima, ila nyumba imekuwa kubwa mno tangu ndugu yako atutoke.

Kwa vile niko eda na siwezi kutoka nyumbani, namtuma jirani yetu Gachanja akuletee roboti ambayo Mahir alikuwa akiipaka rangi kabla hajafa. Unazijua toi zake za kuchezea: alizitoa mitumba, akazikwangua na kuzipaka upya hadi kila moja ikawa na sura yake. Hii ni ya thelathini na moja. Ukiikunja inageuka lori. Umebaki mguu wa kushoto tu. Wewe ndiye uliyeanza naye mchezo huu mkiwa vijana, kwa hivyo nimalizie huo mguu. Rangi yenyewe nimeitia kwenye chupa ya dawa.

Shemeji yako,
Mwanaharusi


Ruiru, Aprili 30, 1996

Shem,

Waalaykum salaam. Sisi hatujambo, shida ni mvua tu. Mtaa wetu wa Mwiki wote ni matope. Pole kwa kukawia.

Roboti imekwisha na utaipenda. Kusema ukweli, nilipoifungua nilisikitika. Rangi ilikuwa imechirizika kifuani, mistari imepinda, na mgongoni kulikuwa na alama ya dole. Mahir hakuwa mtu wa kazi kama ile. Sikutaka watu wamkumbuke hivyo. Nimeiosha yote kwa thina hadi rangi ikatoka, nikaipiga msasa, nikaipulizia upya kwa mashine ya gereji. Sasa ni buluu na ukingo wa fedha. Kaleli, mwenye gereji, aliiweka dirishani wiki mbili wateja waione. Kuna aliyedhani imetoka dukani.

Iweke mbele ya zile zingine.

Shemeji yako,
Irshad


Thika, Mei 9, 1996

Irshad,

Waalaykum salaam. Mimi ni mzima.

Nimeipokea. Nimeigeuza juu chini nikitafuta mahali ulipomwachia Mahir hata upana wa ukucha. Hakuna.

Nilikuomba mguu mmoja.

Hujui kwa nini mistari ilipinda, kwa sababu hukuwepo. Tangu Oktoba mikono yake ilitetemeka hata chai namnywesha mimi. Lakini kila siku baada ya Alasiri aliniambia, "Mwana, nishikie." Naishika roboti kwa mikono miwili, yeye anangoja mtetemeko upungue, anapaka mstari mmoja, anachoka. Siku nzima, mstari mmoja. Lile dole mgongoni lilikuwa langu. Nilitaka kulifuta, akacheka: "Liache. Hapo umetia sahihi."

Zile thelathini ni za Mahir mzima. Hii ilikuwa ya mgonjwa niliyemuuguza, na sina kitu kingine cha siku zile.

Miezi mitano alikuwa akiniuliza kama umefika. Nilichoka kumtungia sababu.

Mwanaharusi


Ruiru, Mei 21, 1996

Shemeji yangu,

Assalamu alaykum. Sijui nianzie wapi.

Nilikuja mara moja, Desemba. Nilifika dirishani nikakuona unamlisha uji, unamfuta kidevu. Niligeuka nikarudi stendi. Yule hakuwa kaka yangu aliyekuwa akinibeba mabegani.

Nilipoifungua ile roboti nilimwona tena. Kila mstari ulikuwa unatetemeka. Niliandika kwamba nilitaka watu wamkumbuke vizuri. Si kweli. Nilitaka nisimwone.

Nirudishie niipake tena, kwa brashi, si kwa mashine. Nakumbuka mahali rangi ilipochirizika na jinsi kila mstari ulivyopinda. Naweza kuirudisha kama ilivyokuwa. Nijibu, hata kwa kunitukana.

Shemeji yako,
Irshad


Thika, Julai 8, 1996

Irshad,

Waalaykum salaam. Barua yako niliipata siku nyingi, na nyingine mbili baada yake.

Usiipake tena. Mtetemeko wa mgonjwa hauigizwi. Roboti nampa Gachanja akurudishie, ukae nayo. Ni nzuri, na ni yako.

Kwamba ulifika dirishani ukageuka, heri nisingejua. Siku hizo nilikuwa nikimwambia umesafiri, na nilijiona mwongo. Kumbe ulikuwa hatua tatu kutoka kitandani kwake.

Eda yangu ilikwisha wiki iliyopita. Nimepata kazi ya kushona kwa fundi cherehani Wangeci, kwa hivyo nitakuwa nikionekana mjini. Tukikutana utanipa salamu, nami nitaijibu, kwa sababu kuijibu ni wajibu. Usidhani ni zaidi ya hapo.

Mwanaharusi