Majani Hayana Shangazi

Lamjung, Nepali

Mdogo wangu Purna,

Barua yako imefika siku ya tano ya msiba wa Mama. Bado tunakula bila chumvi, kama desturi ya matanga yetu. Unasema chuoni mmegundua kwamba dawa hufuata ukoo wa mimea, na unataka Mama akutajie ipi ni ndugu.

Unakumbuka ulivyomcheka aliposema jani hili la dawa ni shangazi wa lile? "Mama, majani hayana shangazi!" Naye akakujibu, "Onja kwanza, msomi wangu." Ukakataa.

Mimi nilionja naye kila asubuhi, miaka kumi na miwili. Ukoo wa kila dawa yake ninao ulimini. Usijilaumu sana. Aliniachia neno: "Purna akirudi, mlishe lile jani chungu kabisa, halafu umkumbatie."

Njoo. Nimeshalichuma.

Dada yako,
Dilmaya