Kidole Kwenye Kioo

Mwanangu,

Salamu nyingi. Kifua kimepona? Mimi nipo. Mgongo unalalamika lakini kazi unafanya.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Unasema mwalimu wako wa joto na mwanga kavikataa vipimo ulivyochukua hapa kwenye tanuru letu la matofali. Eti siku ya kwanza sawa, siku mbili za mwisho joto liko chini mno, matofali yasingeiva. Na yaliiva. Unasema huna kichwa cha somo hilo, unataka kuacha chuo.

Usiache. Ngoja nikwambie.

Ulipokuja likizo nilifurahi. Tangu mama yako atutoke, nyumba kimya. Nikajua tutaongea. Kumbe kila neno mwalimu. Mwalimu kasema moto mwekundu una joto kiasi hiki, ukigeuka wa njano umezidi. Hilo nilikuonyesha mimi, una miaka sita, nimekubeba, unachungulia kitundu cha tanuru. Umesahau. Yeye kasema juzi, umeandika.

Halafu kile chombo alichokuazima mwalimu, cha kupimia moto kwa kuutazama. Siku ya kwanza uliniuliza moto ukoje, nikasema bado. Chombo nacho kikasema bado. Ukacheka, ukasema tunakubaliana. Siku ya pili hukuniuliza. Yule jamaa anayekanyaga udongo akanitania mbele ya watu, eti binti yangu kapata baba mwingine, huyo mwalimu mwenye tai shingoni. Wakacheka wote. Nami nikacheka. Roho iliniuma.

Ulipoenda kunywa chai nikachovya kidole kwenye grisi ya toroli, nikapaka kioo cha mbele cha chombo. Kidogo tu, usione. Nilitaka kikosee, uniulize mimi. Hukuuliza, uliandika tu. Siku ya tatu nikapaka tena. Ulipomaliza nikafuta.

Sikujua utafelishwa wewe. Nilidhani ataumbuka yeye.

Mpe mwalimu barua hii aisome yote, hata hapo pa tai. Kosa ni langu, si la kichwa chako. Jumatatu tunawasha tanuru tena. Njoo na chombo. Njoo naye akitaka. Mimi nitakaa upande wa kuni, sitasogea. Hata usiponiuliza kitu.

Wasalimie wenzako wa chumbani. Kula vizuri.

Ni mimi baba yako,
wa tanuruni