Herufi Mbili Mfukoni

Tarehe 3 Februari

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta kwenye kigoda chako, misumari mdomoni na kiatu cha mtu magotini. Kikohozi kimeisha? Na goti je? Usinijibu "sijambo" tu kama kawaida yako, nataka kujua goti la kushoto linasemaje. Mimi ni mzima, ila nywele zangu zimekuwa za bibi kizee, na sababu nakueleza sasa hivi.

Kazi nimepata. Ni kiwanda cha mito. Tuko wanawake kumi na sita kwenye chumba kimoja kirefu chenye madirisha juu kabisa, karibu na dari, na kutwa nzima pamba inaelea hewani. Jua likiingia saa nne unaona kila unyuzi. Humo ndani hakuna anayepaza sauti. Hata cherehani zinasikika kama ziko nyumba ya jirani. Siku ya kwanza nilishona mito arobaini na sikumbuki hata mmoja, nilikuwa kama nimelala macho wazi. Jioni tunatoka vichwa vyeupe, watu wanatupisha kwa heshima wakidhani ni mvi.

Kuna jambo la kuchekesha. Fundi aliyetushonea makoti ya kazi alitarizi majina yetu kifuani, halafu akaja mwenzake akapachika mifuko. Kwangu mfuko umefunika herufi mbili za mwisho, koti linasomeka NJIA. Msimamizi wetu naye ni mgeni. Alinakili majina kutoka kwenye makoti kwenda kwenye daftari lake, na sasa kila asubuhi anaita, "Njia!" nami naitika, "Nipo!" Nilitaka kumsahihisha, ila alikuwa ameshapita kwenda kwa mwingine.

Ni mimi mwanao,
Njiani

*

Tarehe 20 Februari

Mwanangu Njiani,

Marahaba, na marahaba tena. Goti la kushoto linasema mvua inakuja, la kulia linabisha. Kikohozi kimehamia kwa jirani.

Barua yako nimeisoma mara mbili, maana mara ya kwanza nilipofika kwenye "kiwanda cha mito" nilishtuka. Nikasema, mito si anatengeneza Mungu peke yake? Mwanangu ameajiriwa kitengo gani? Nilipoona cherehani ndipo nikapumua. Mito ya kulalia mimi sina habari nayo. Unajua nalalia koti langu kuukuu nililolikunja, na shingo haijawahi kuleta mashtaka.

Sasa hili la Njia. Mwambie huyo msimamizi mapema, samaki mkunje angali mbichi. Njia hukanyagwa na kila mwenye miguu. Mimi kutwa nashona soli za watu, nisije nikawa namtengenezea mtu kiatu cha kumkanyagia mwanangu! Jina lako si refu, halimchoshi mtu mdomo. Mbona mimi naliita kila siku, hata sasa ambapo hakuna wa kuitika?

Na wewe fundi mzima unashindwaje na mfuko mmoja? Fumua.

Baba yako,
mzee wa soli

*

Tarehe 14 Aprili

Baba,

Shikamoo. Hali yako na ya magoti yako mawili yasiyoelewana? Mimi nipo salama. Samahani kwa kimya, nilikuwa natafuta namna ya kukuandikia haya.

Ulisema nifumue. Sijafumua, na si kwa kukosa muda. Baba, nimelipenda hilo jina. Njia hana utoto. Hakuna aliyewahi kumwuliza darasani, "Njiani, utafika lini?" Hakuna shangazi wa kusema mbele za watu kwamba huyu kila kitu chake kiko njiani, mume njiani, nyumba njiani, akili nayo njiani. Nina miaka thelathini na minne na nimechoka kuwa mtu asiyefika. Wakiita "Njia," anasimama mwanamke ambaye hana deni la kufika popote.

Wakati mwingine, cherehani ikitembea yenyewe, natia vidole mfukoni napapasa zile herufi mbili kwa nyuma ya kitambaa, pale nyuzi zilipofungwa mafundo. Nazigusa kama mtu anayehakikisha ufunguo bado upo. Mama Pindo, mwenzangu anayekunja pindo mashine ya pembeni, anadhani naficha peremende.

Sasa wanataka kunipa mkataba wa kudumu. Makaratasi yameshachapwa, na yameandikwa Njia. Karani wa ofisini anasema kuyachapa upya ni mpaka awamu ijayo. Rahisi zaidi niende kwa wakili nikaape kwamba kuanzia leo ndilo jina langu, kisha kitambulisho kifuate. "Herufi mbili si mtu," kaniambia. Mwisho ni tarehe thelathini Mei. Nadhani nitaapa, Baba. Wewe si utaendelea kuniita upendavyo? Nipe baraka zako.

Nimejaribu kuliandika hapa chini, hebu ona linavyokaa.

Mwanao,
Njia

*

Tarehe 9 Mei

Baba,

Shikamoo, na shikamoo ya pili kwa niaba ya ile barua yangu uliyoinyima jibu. U mzima? Wiki ya nne hii. Hujawahi kunikalia kimya hivi, hata mwaka ule nilipovunja mashine yako ya kushonea.

Nimemwandikia shangazi. Anasema unafungua kibanda kila siku, unashona, ila hucheki na wateja. Nilimwuliza una nini. Akanijibu mstari mmoja tu: "Muulize baba yako habari ya mto." Nimewaza siku mbili. Nikasema, masikini, kumbe shingo inamuuma na anaona aibu kuomba. Basi nakutumia mto pamoja na barua hii. Nimeushona mwenyewe baada ya saa za kazi, pamba safi, mshono mara mbili. Acha kulalia koti kama mlinzi wa stoo.

Kama nimekuudhi, niambie nimekuudhi. Nikilala naota nimekushika mkono, tunatembea, na kila nikiuliza tunakwenda wapi unakaza tu mkono. Naogopa, Baba.

Mwanao

*

Tarehe 18 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Mto umefika, mweupe hata naogopa kuushika kwa vidole hivi vya gundi. Nimeuweka juu ya kabati. Shingo haiumi. Shangazi yako hakuwa anasema habari ya mto huu.

Miaka yote nimekuambia kwamba ulizaliwa njiani, na kwamba mama yako alifariki akikuzaa. La kwanza ni kweli. La pili nililifupisha. Kumbe si msimamizi wako peke yake anayekata maneno.

Ulizaliwa kando ya barabara, asubuhi, tukimpeleka mama yako zahanati, kabla hatujafika mtoni. Ulikuwa mdogo, wa baridi, na hulii. Mkunga akasema mtoto asisubiri, akimbizwe zahanati iliyo ng'ambo, na mama atafuata taratibu, majirani wanne wakimbeba kwa kitanda. Mama yako alikuwa ameketi anaongea. Alikufunga mwenyewe ndani ya koti langu, hilo hilo ninalolalia, akafunga vifungo kimoja kimoja, akasema, "Tangulieni, nakuja."

Nikavuka daraja la magogo mbio. Zahanati wakakupokea, wakakupasha joto, ukalia. Karani wa pale akaniuliza mama wa mtoto yuko wapi. Sikumjibu, nilikuwa natazama mlango. Akaniuliza jina la mtoto. Mimi ndiyo kwanza nikawa nalijibu lile swali la mwanzo, nikasema, "Njiani." Akaandika.

Niliporudi mtoni kuwapokea, daraja halikuwepo. Mvua ilikuwa imenyesha huko juu, sisi hatukuona hata tone. Niliwaona ng'ambo ya pili, wamekishusha kitanda. Maji yalipiga kelele, hatukuweza kusikilizana. Mama yako aliinua mkono. Mpaka leo sijui kama alikuwa ananiita au ananiaga. Damu haikungoja maji yapungue. Alituambia tutangulie, kumbe yeye ndiye aliyetutangulia.

Baadaye karani aliniuliza kama nataka kulibadilisha jina, maana mimi na mama yako tulikuwa tumeshachagua lingine. Nikamwambia aliache. Nilikuwa kijana. Nikikuita uje kula, nilikuwa najisikia mwenyewe nikisema kwamba mama yako bado anakuja, na siku zile nilihitaji kulisikia hilo mara nyingi. Ndiyo maana utotoni nilikukataza kwenda mtoni, na ndiyo maana ulipoandika lile jina fupi mwisho wa barua, kalamu ilinishinda.

Kwa hiyo lako ni kosa la karani, kama hilo jingine lilivyo kosa la mfuko. Sina haki ya kuringa. Kaape ukitaka, baraka zangu unazo kwa jina lolote. Nilitaka tu ujue ni nini kimebaki mfukoni.

Baba yako

*

Tarehe 2 Juni

Baba yangu,

Shikamoo. Leo sikuulizi goti. Moyo u hali gani?

Barua yako niliisoma kiwandani, nimekaa kwenye magunia ya pamba. Nililia hadi pamba ikanigandia uso mzima. Mama Pindo akaja akaibandua unyuzi mmoja mmoja. Ndipo nikamwomba sindano ya kufumulia.

Muda wote nilidhani jina langu linanisema mimi, kwamba sifiki. Kumbe lilikuwa linamsema mama, kwamba anakuja. Nimekukasirikia siku tatu kwa kunificha. Siku ya nne hasira ilikwisha, nikabaki nakuona umesimama peke yako ukingoni, kijana mdogo kuliko mimi nilivyo sasa. Lile jina jingine mlilochagua usiniambie. Haya mawili yamenichanganya vya kutosha.

Kwa wakili sikwenda. Mkataba nimeukosa, nitabaki kibarua mpaka awamu ijayo, na karani amenuna kama mimi ndiye niliyepachika mfuko. Mfuko wenyewe nimeushusha vidole vitatu chini. Herufi mbili zimetoka, mpya kabisa, nyekundu kuliko zile nyingine kwa sababu hazijaona jua wala sabuni.

Asubuhi ya jana msimamizi akaita, "Njia!" Nikanyamaza. "Njia!" Kimya, pamba inashuka tu. "Huyu yuko wapi leo?" Mama Pindo, bila kuinua macho kwenye pindo lake, akasema, "Njiani." Msimamizi akaandika: amechelewa. Chumba kizima kikaangua kicheko, Baba, chumba kile ambacho hata chafya tunapiga kwa adabu! Akainua uso, akaniona niko mbele yake. Akasoma kifua changu kwa kidole hewani, herufi moja moja, hadi mwisho. "Kumbe," akasema. "Ndiyo wewe?"

"Ndiyo mimi."

Akafuta "amechelewa". Leo ameniita vizuri, na nimeitika kabla hajamaliza.

Ulalie huo mto, Baba. Hauna maji.

Mwanao,
Njiani

*

Tarehe 15 Juni

Mwanangu Njiani,

Marahaba. Moyo ni mwepesi, na magoti yote mawili kwa mara ya kwanza yamekubaliana kwamba mvua haipo. Msalimie sana Mama Pindo. Mwambie akipita huku, viatu vyake nashona bure mpaka nife.

Jana baada ya chakula cha mchana niliushusha mto kutoka kabatini. Niliutazama, nikauona na wenyewe unanitazama. Nikauweka chini ya kichwa, nikasema nijinyooshe kidogo tu, kuna kiatu cha mwalimu kinanisubiri. Ulaini huo si mchezo. Kichwa kilizama chote.

Nikajikuta ukingoni, pale pale. Maji yalikuwa ya vifundo vya miguu, hayana kelele, na juu yake inaelea pamba. Mama yako anavuka, viatu mkononi, gauni ameliinua, wala hana haraka. Anakuja ananilalamikia kwamba koti langu lile alilomfungia mtoto lilikuwa na kifungo kilicholegea, na mimi niliwezaje kuwa fundi. Alipofika akanishika bega ili avae viatu. Akaniuliza, "Mtoto yuko wapi?"

Mdomo wangu umezoea jibu moja la swali hilo kwa miaka thelathini na minne. Ila nilimwambia, "Alitangulia. Ameshafika."

Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyekuwa anajua na alitaka tu kusikia. Kisigino cha kiatu chake kimoja kilikuwa kimelika upande. Nikanyoosha mkono nikamwambia, lete hicho nikishone. Nimeamka mkono bado umenyooka.

Kiatu cha mwalimu nilikimaliza jioni. Koti sasa nimelitundika msumarini, kichwa kimeshapata pa kulala. Nililikagua kabla ya kulitundika. Kifungo cha tatu kutoka juu, kweli, kimelegea.

Baba yako